Ukinunua Shamba Uluguru, Uliza Miti ni ya Nani

Asubuhi yangu ya kwanza kama mwenye shamba niliamshwa na kishindo. Nikatoka na msuli kiunoni, panga mkononi, nikamkuta bibi mmoja amesimama chini ya mfenesi na wajukuu wawili, mmoja chini, mwingine juu ya tawi. Fenesi la kwanza lilikuwa limeshaanguka na kupasuka, harufu yake imefika mpaka mlangoni.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Ndiye wewe uliyenunua ardhi?”

“Ndiye mimi.”

“Karibu sana. Sisi tumefuata miti yetu.”

Nikacheka, nikidhani ananitania. Wala. Aliyeniuzia shamba alikuwa mpwa wa marehemu mwenye nalo, na ardhi aliirithi kihalali kabisa kwa utaratibu wa ukoo wao. Miti aliipanda marehemu kwa mikono yake, na kabla hajafa aliwaachia watoto wake. Bibi yule ndiye binti mkubwa. Mimi nilikuwa na karatasi yenye mhuri na saini sita, na ndani yake neno “mti” halikuandikwa hata mara moja. Sikudanganywa na mtu. Sikuuliza.

Kwa hiyo siku hizi watu wa Dar es Salaam na Morogoro mjini wakinipigia kuuliza namna ya kupata ekari mbili tatu kijijini, sianzi na bei. Nawauliza wao: umeshawaona watu wangapi? Wengi wamemwona mmoja tu, dalali. Shamba la kijijini unamlipa muuzaji, lakini anayekupa ni wale wanaolizunguka: majirani, ndugu zake, wenye njia, wenye maji, wenye makaburi. Hao wakikujua, karatasi yako ina nguvu. Wasipokujua, umenunua mhuri.

Kijiji chenyewe sitakitaja, kwa sababu majirani zangu hawajaomba wageni. Kipo mteremko wa mashariki wa milima ya Uluguru, Morogoro Vijijini. Unashika barabara ya Bigwa kwenda Kisaki, unapita Mkuyuni, unaelekea Matombo, halafu mahali fulani unashuka na kuanza kupanda kwa bodaboda, na bodaboda ikishindwa unapanda kwa miguu. Upande huu mvua hainyeshi kwa mzaha. Watu wanalima ndizi, mihogo, mananasi na mpunga wa mlimani, na katikati ya hivyo vyote wanatunza viungo: mdalasini, karafuu, pilipili manga, na iliki kule juu karibu na msitu. Ninayoyaeleza ni ya huku. Sheria ni ile ile Tanzania Bara nzima, ila desturi zinatofautiana, na anayenunua Muheza au Mbinga atafute bibi wa huko.

Nenda masika, umwache dalali mjini

Dalali anapenda kukupeleka Agosti. Barabara imekauka, upepo mzuri, kilima kijani, na wewe umetoka kwenye joto la mjini, kwa hiyo kila kitu kinakupendeza. Nenda Aprili. Aprili utaona maji yanapita wapi na mto unakula ukingo upande gani. Utajua pia kama daraja la miti unaloonyeshwa huwa linabaki mahali pake. Angalia miti mikubwa kwenye mteremko: ikiwa mashina yameinama chini kisha yakajikunja kurudi juu, udongo huo unatembea, polepole, mwaka hadi mwaka. Ukiona mpasuko ardhini wenye umbo la mwezi mwandamo, usijenge chini yake, hata ukipewa bure.

Kisha rudi mwishoni mwa Septemba, kabla ya vuli, uangalie chemchemi. Katika masika kila shamba la Uluguru lina maji. Mwenye shamba atakuambia maji hayakauki, na pengine ni kweli. Waulize watoto wanaochota: ndoo inajaa kwa muda gani mwezi wa tisa, na ikikauka wanakwenda kuchota wapi. Mtoto aliyebeba ndoo kichwani hana sababu ya kukudanganya.

Lala kijijini usiku tatu au nne. Kaa kwenye kibanda cha chai, nunua maandazi, usitaje shamba wewe. Siku ya pili watalitaja wao.

Kuhusu mto kuna jambo la sheria ambalo wauzaji wengi hawalijui, na wachache wanaolijua hawalisemi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kipande chenye upana wa mita 50 kinachofuata mto kwa hiyo ni mandhari, hakiwezi kuwa shamba la kujengea. Utaona watu wanalima mpaka majini, ndiyo, lakini wao walizaliwa hapo na wewe ndiye utakayefanywa mfano. Mito hii inamwaga maji yake Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam, kwa hiyo usidhani hakuna anayetazama. Ukitaka kuvuta maji kwa pampu, kibali kinatolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Juu nako kuna hifadhi ya msitu. Ukiambiwa “mpaka ni pale msitu unapoanzia”, simama hapo hapo. Msitu hausogei. Mashamba ndiyo yanayosogea, na mwaka ambao Wakala wa Huduma za Misitu watapita kukagua, mti uliopanda ndani ya mpaka wao utakuwa wao. Omba uonyeshwe alama yenyewe ya zege, uishike kwa mkono.

Mtafute mjomba

Hapa ndipo wageni wengi tunapoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Waluguru huhesabu ukoo kwa mama. Ardhi ya asili ni ya ukoo, lukolo, na mtu hupata sehemu yake kupitia kwa mama yake. Mwanamume akifa, kwa desturi ya zamani, ardhi aliyolima kwao inarudi kwa watoto wa dada yake. Watoto wake mwenyewe wana ardhi kwa upande wa mama yao. Asiye wa ukoo akitaka kulima huazimwa kipande na kutoa ngoto, kitu kidogo cha kila mwaka, zamani pombe au mazao, siku hizi mara nyingi fedha. Thamani yake si kubwa. Kazi yake ni kukumbusha: kila anayetoa ngoto anakiri kwamba ardhi ina mwenyewe.

Sasa ongeza miti. Mahindi na mpunga vinakwisha kwa msimu, havina ugomvi. Mnazi au mkarafuu utakuwepo wakati aliyeupanda ameshasahaulika. Ndiyo maana mtu aliyeazimwa ardhi huambiwa apande mihogo na si minazi: kupanda mti wa kudumu ni kusema “nipo hapa daima”. Na ndiyo maana baba anayejua kwamba ardhi yake itakwenda kwa wapwa hujitahidi kupanda miti, ili watoto aliowazaa wasiondoke mikono mitupu. Ardhi ikaenda huku, miti ikaenda kule. Wote wana haki, na wote wanakusubiri wewe.

Siku hizi mambo yamechanganyika. Kuna wanaorithisha kwa dini, kuna waliokwishagawa kwa watoto moja kwa moja, kuna mashamba yaliyouzwa mara mbili tatu kiasi kwamba ukoo umetoka kabisa. Kwa hiyo usifike na hukumu yako mfukoni. Uliza maswali mawili. La kwanza: “Ardhi hii umeipataje?” Sikiliza kama anataja mama, baba, mjomba, mume au fedha. Akitaja mama au mjomba, omba kuonana na mjomba. Akiwa amefariki, muone anayekaa nafasi yake kwenye ukoo, na dada za muuzaji pia, kwa sababu huku mwanamke ndiye mlango wa ardhi. Mjomba akikaa kimya kwenye kikao, kimya hicho usikichukue kuwa ndiyo. Mwache anywe chai, kisha umuulize tena, mbele ya watu.

Swali la pili utaliuliza shambani, mti kwa mti: “Huu alipanda nani?” Unajisikia mjinga mwanzoni. Ukifika mti wa tano utasikia jina ambalo hukuwahi kulisikia, na hapo utafurahi kwamba uliuliza. Siku niliponunua kipande changu cha pili niliandika kwenye daftari: minazi minne, muuzaji, mdalasini, safu moja, muuzaji, mwembe mmoja karibu na njia, hauna mwenyewe, wanakula wapita njia. Ule mwembe tuliuandika kwenye mkataba hivyo hivyo. Mtendaji wa kijiji alicheka, lakini akaandika.

Mke au mume wa muuzaji awepo na aridhie, hata kama muuzaji anasema “huyu hana neno”. Mwenye shamba akiwa amefariki, huyo anayekuuzia awe na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo, na warithi wawe wamekaa kikao chenye muhtasari. Kama atasema mambo ya mahakama yanachelewesha, mwambie utasubiri. Na mtu akikuambia kwamba kwa mila dada zake hawana sauti, ujue anakupeleka pabaya kwa njia mbili: mila ya Uluguru haisemi hivyo, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inabatilisha desturi yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi.

Hatua sabini kwa sabini

Mpaka hautazamwi, unatembewa. Watu wa pande zote nne wawepo siku moja. Muuzaji atangulie, jirani wa upande huo atembee kando yake, na wewe ufuate nyuma ukitazama miguu yao. Panapokuwa na mgogoro, miguu husita kabla ya mdomo. Siku yangu ya pili ya kutembea mpaka, muuzaji alipita juu ya migomba miwili na jirani akapita chini yake. Hakuna aliyesema kitu. Nikasimama, nikaomba tusiendelee mpaka tujue migomba ile ni ya nani. Ilichukua saa nzima na simu mbili kwa mtu aliyekuwa Kilosa. Ilikuwa ya jirani. Saa moja ya jua ni bei nafuu.

Alama za mpaka huku ni masale, mbono au mnyaa, na mara nyingi mti mmoja tu mkubwa ambao kila mtu anaujua. Masale yanakufa, yanapandwa mengine, na mkono unaopanda huteleza hatua moja kila mara. Baada ya kutembea, panda masale mapya siku ile ile wakiwa wote wanaona. Piga picha kila kona, mtu akiwa amesimama kwenye alama.

Kipimo cha kijijini ni hatua 70 kwa 70, ndiyo ekari. Uwandani kinakaribia sana ukweli. Mlimani kinadanganya bila mtu yeyote kukusudia. Ukipiga hatua kupanda mteremko unapima ngozi ya kilima, wakati ramani inapima kivuli chake jua likiwa utosini. Mteremko ukiwa mkali, tuseme nyuzi 30, hatua zako 70 zinabaki kama 61 kwenye ramani, na hapo hatujahesabu kwamba anayepanda hupiga hatua fupi. Ukipima kwa programu ya simu utapata namba ndogo, umshuku muuzaji wizi, naye aone unamdharau. Ushauri wangu ni kwamba mlimani usinunue kwa ekari. Nunua shamba kama lilivyo, “kutoka mwembe mpaka kijito, kutoka kwa fulani mpaka kwa fulani”, mpatane bei ya kitu kizima, kisha chukua nukta za kona kwa simu uziandike.

Ukiwa kwenye mpaka, uliza njia. Njia inayokwenda mtoni au msikitini haifungwi, hata ikikata shamba lako katikati, na ukiweka uzio utaukuta umelala chini. Uliza makaburi. Uliza pia kama kuna mti au jiwe ambalo watu huenda kufanya tambiko. Hawatakuambia wenyewe, kwa adabu, na siku utakapoufyeka hawatakuambia pia.

Ofisini

Kuna watu wanaosema kijijini hakuna cha kununua kwa sababu ardhi yote ni ya serikali. Ni nusu ya kweli: ardhi ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Lakini mwaka 1994, kwenye shauri la Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba haki ya kutumia ardhi kwa mila ni mali inayolindwa na Katiba. Unachonunua ni haki hiyo pamoja na jasho lililoko juu yake.

Anayeidhinisha haki hiyo ihame ni Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, ikiwa imekaa kikao. Mwenyekiti peke yake hana uwezo huo, wala mtendaji peke yake. Mhuri uliogongwa kibarazani kwa mwenyekiti saa moja usiku ni wino tu. Omba kikao, hudhuria, jieleze wewe ni nani, una familia gani na utafanya nini hapo, kisha omba nakala ya muhtasari yenye majina na saini za waliohudhuria. Kwa kawaida kikao hakipangwi kwa ajili yako, utasubiri. Sheria inaitaka halmashauri iangalie pia kama uuzaji huo unamwacha mwanamke au watoto bila ardhi, kwa hiyo wakikuuliza maswali ya ndani kuhusu mke wa muuzaji, wanafanya kazi yao, wala usiseme wanakuzungusha.

Ukiombwa “asilimia kumi ya kijiji”, usigombane. Uliza kwa upole imeandikwa kwenye sheria ndogo ipi, useme kwamba utalipa ukipewa stakabadhi. Mara nyingi asilimia hiyo inashuka mpaka ikawa soda. Ukitaka kuchangia darasa au zahanati, changia, lakini iwe siku nyingine, isiingie kwenye hesabu ya shamba.

Mkataba wa mauziano uandikwe kwa Kiswahili ambacho bibi anaweza kusomewa akaelewa. Wakili wa mjini ni vizuri, ila mpelekee wewe maelezo ya miti, njia, maji, makaburi na majirani, kwa sababu fomu yake haina nafasi hizo. Fedha zipite benki au kwenye simu, muuzaji na mwenza wake wakiwepo. Usilipe zote siku moja. Bakiza sehemu mpaka muhtasari utoke.

Mashahidi, hapa ndipo nina ushabiki wangu. Kila mtu huleta wazee. Wazee ni wazuri kwa yaliyopita, lakini kesi yako itakuja miaka 20 ijayo, na hapo utawakuta makaburini. Kwa kila mzee mmoja weka kijana mmoja wa miaka 20 hivi, na katika hao nusu wawe wanawake, kwa kuwa vijana wa kiume wanakwenda Dar es Salaam kuendesha bodaboda na hawarudi.

Baada ya hapo omba Hati ya Hakimiliki ya Kimila, iwe na majina yako na ya mwenza wako. Haiwezekani kila mahali. Kijiji lazima kiwe na mipaka iliyokubaliwa, cheti chake cha ardhi, na masjala ya kutunzia daftari. Kama kijiji chako hakijafika huko, muhtasari na mashahidi ndiyo hati yako kwa sasa.

Mambo yangu na yule bibi wa mfenesi yaliishia Baraza la Ardhi la Kijiji. Ni wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Kazi yao ni kusuluhisha, hawahukumu, na tangu mwaka 2021 hata baraza la kata nalo limebaki na kusuluhisha tu. Hukumu iko wilayani, ambako utatumia nauli mpaka ujute. Baraza letu lilikaa chini ya mfenesi wenyewe. Mpwa alikuwepo, bibi na ndugu zake walikuwepo, na mimi na karatasi yangu ambayo hakuna aliyeomba kuiona. Mama mmoja mjumbe aliniuliza: “Baba, wewe ulitaka ardhi au ulitaka karafuu?” Nikasema ukweli, nilitaka karafuu. Mikarafuu sita na minazi kumi na mmoja nikainunua upya kutoka kwa watoto wa marehemu. Mifenesi mitatu ikabaki yao, na njia ya kuifikia ikaandikwa. Nililipa mara mbili kwa shamba moja, na bado naona nilitoka salama.

Kukaa nalo

Shamba usilolitumia linakuponyoka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaruhusu ardhi iliyokaa miaka mitano bila kutumika ihesabiwe kuwa imetelekezwa, na mtu akikaa humo miaka 12 bila wewe kumdai, mlango wa mahakama unafungwa mbele yako. Kwa hiyo utahitaji mtunza shamba, na hapo kanuni ya miti inarudi kwa mlango wa nyuma. Mtunza shamba alime mazao ya msimu kwa ajili yake, mihogo, mahindi, maharage. Hiyo ni haki yake na itamtuliza. Miti ya kudumu akiipanda, mlipe kwa mche, siku hiyo hiyo, muandikishane. La sivyo baada ya miaka kumi atasimama mbele ya baraza na kusema, kwa ukweli mtupu, kwamba mdalasini huu aliupanda yeye. Usimbane ndizi za kula. Mtu anayelinda migomba huku watoto wake wana njaa atajifunza kulinda vibaya.

Usije na trekta wala na mipango ya kukata kilima ngazi ngazi kwa mkupuo. Milima hii ina kumbukumbu. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na jembe likafukua udongo wa chini usio na rutuba ukawa juu. Mwaka 1955 watu waligoma, Matombo ikachafuka, na mradi ule ukafa. Ukimwambia mzee wa huku kwamba umekuja kumfundisha matuta, atakusikiliza kwa heshima zote, kisha atakwenda zake. Anza kidogo: mistari ya nyasi au mananasi ikikata mteremko, migomba mabondeni, viungo chini ya kivuli cha miti iliyopo. Mdalasini uvune wakati wa mvua, gome linapobanduka lenyewe. Kiangazi utaumiza mti na kupata vipande. Ukiuza kwa gunia, kataa lumbesa, hata kama wenzako wamezoea.

Nyumba iwe ya kawaida, bati na matofali ya kuchoma, isizidi sana ya jirani.

Na misiba. Kwetu siku ya mazishi jembe haliingii ardhini. Ukisikia, acha kazi, nenda, beba maji au kuni, kaa na wanaume kwenye mkeka. Ukiwa mjini tuma rambirambi, lakini usizoee kutuma tu. Nimeona mtu mwenye hati safi kabisa akikosa shahidi hata mmoja kwa sababu hakuna aliyemkumbuka amekaa kwenye mkeka wowote.

Kila mwezi wa tatu, mvua zikianza, mimi na majirani wawili tunatembea mpaka. Hatuiti kikao, ni matembezi tu na panga. Anayetangulia siku hizi ni yule mjukuu wa bibi, aliyekuwa juu ya tawi asubuhi ile. Sasa ana mke na mtoto, na jina lake liko kwenye orodha yangu ya mashahidi wa kipande cha pili. Mwaka huu alikuta masale mawili yamekufa upande wa kijito. Tulipanda mengine pale pale kabla ya chai, na alipomaliza kushindilia udongo kwa kisigino akapita kwenye mfenesi, akagonga fenesi moja kwa kidole, akasema bado.